Makopo Manne ya Susu

Wiki jana tulimzika susu, ndivyo tunavyomwita nyanya huku Ukambani. Asubuhi hii nimeingia stoo yake hapa Masii kupima muthokoi, mahindi yaliyokobolewa, wa chakula cha mchana, nikakuta makopo matatu tu. Lile la nne, kikombe kidogo cha bati, silioni, na nimepekua hadi chini ya magunia.

Wewe hujawahi kuyaona makopo hayo, basi ngoja nikuambie. Susu hakusoma hata siku moja, lakini alimsimamia fundi wa bati sokoni mpaka kila kopo likabeba mara mbili ya lile dogo linalolifuata: kikombe kimoja, viwili, vinne, na gorogoro la vikombe vinane. Kila mlaji alipimiwa kikombe kimoja. Mahindi yakishatwangwa kinuni na kupepetwa, makopo yalipangwa mkekani, kubwa kushoto, dogo kulia, na kila kopo lilijazwa mara moja tu, au halikujazwa kabisa. Susu alipenda kupiga soga na jirani huku akipima, na angehesabu kikombe kimoja kimoja angepotea. Kikombe kidogo, kilipohitajika, alikijaza mwisho akisema, "Na hiki changu."

Nilikuwa kidato cha kwanza. Kompyuta zilikuwa chache, na mwalimu alitangaza kwamba atakayefeli jaribio la Ijumaa atahamia darasa la kilimo. Woi, kilimo! Nimelima nyumbani Jumamosi nzima, nikalime na shuleni? Niliitaka ile kompyuta kufa kupona. Sasa mwalimu akasema mashine inajua tarakimu mbili tu, sifuri na moja, na namba zote zinatoka hapo. Akaandika 10 ubaoni, akasema hiyo ni mbili. Mbili! Kichwa changu kikagoma kabisa.

Alhamisi, nimetoka shule, nikaketi mkekani na daftari langu, nimevimba kwa hasira. Tulikuwa walaji kumi na watatu. Susu akajaza gorogoro, akajaza kopo la vikombe vinne, akaliruka la viwili, akajaza kile kidogo. Nikashtuka. Limejazwa, moja. Halikujazwa, sifuri. Lakini mbele yangu niliona makopo matatu yaliyojaa, nikaandika mbio: 111. Nikajumlisha kutoka kulia: moja, mbili, nne. Saba! Watu sita wangekosa chakula kwa hesabu yangu.

Kumbe lile kopo tupu nilikuwa nimelisukuma kando nipate pa kuweka daftari. Susu akanichapa mkono.

"Lirudishe! Halina kitu, lakini hapo ni pake. Ukiliondoa, nitajuaje nimeruka lipi?"

Nikalirudisha, nikaandika upya: 1101. Nane, nne, mbili hakuna, moja. Kumi na tatu! Nilipiga kelele hadi kuku wakatawanyika. Sikuinuka hapo mpaka nikaziandika zote, kutoka moja hadi kumi na tano, na susu akanifukuza kwa mwiko kwa sababu maji yalishachemka. Ijumaa sikukosa hata swali moja. Kazi ya kompyuta ndiyo inayonilisha mpaka leo.

Siku hizi muthokoi tunanunua umeshakobolewa mashineni. Kinu kimegeuzwa kiti, na mlio wake wa jioni sijausikia miaka mingi. Nimemkumbuka susu.

Leo, susu angekuwapo, tungekuwa kumi na watatu tena. Mama ananiita kutoka jikoni, anauliza kama nimelala huko. Nimejaza gorogoro, nimejaza la vikombe vinne, la viwili liko tupu mahali pake. Kumi na wawili, tumetosha. Mama amekuja na karai, akataka kuyasogeza makopo apate pa kuliweka, nami nikamshika mkono.

"Hapo kulia usiweke kitu," nimemwambia. "Hapo ni pake."