Nyumba Kumi na Nne za Mtondooni

Mwanawema binti Silima hakuumbwa kukaa kitako. Akikaa, goti humtetema na mkono hutafuta cha kuokota. Hata kwenye hitima, wenziwe wakishatulia juu ya mikeka, yeye huinuka kwenda kutazama kama maji ya kunawa yapo. Marehemu mumewe, Nassor, alikuwa akisema kwamba siku atakapomkuta mkewe amelala mchana atamwita tabibu. Nassor alitangulia mbele ya haki bila ya kuiona siku hiyo, na tangu hapo kutembea kwa Mwanawema kulizidi, maana hakuwa na wa kumwambia akae.

Kiambo chetu, Mtondooni, kiko mwendo wa saa moja kwa miguu kutoka Msuka, huko kaskazini kabisa mwa Pemba. Na kina jambo ambalo mgeni akielezwa hulikataa: watu wanapungua, nyumba zinaongezeka. Zamani palikuwa na nyumba ishirini za udongo, na watu walikuwa wengi hata mgeni akilazwa barazani. Leo darasa la kwanza lina watoto tisa, na mwalimu wao huwahesabu kila asubuhi kama anayeogopa kuibiwa. Vijana wako Unguja, wako Dar es Salaam, wako Maskati. Lakini kijana wa Kipemba akipata riziki huko aliko, jambo la kwanza ni kujenga kwao. Asipojenga atasemwa, na kusemwa Pemba ni maradhi. Basi hujenga: matofali, bati la rangi, madirisha ya vioo, marumaru hadi barazani. Siku ya kumaliza husomwa maulidi, watu hula pilau, mwenye nyumba hufunga mlango, humkabidhi Mwanawema ufunguo, na kesho yake hupanda boti.

Funguo za nyumba hizo mpya, mbali na zile za udongo, zilikuwa zimefika kumi na nne. Mwanawema alizifunga pamoja kwa utepe wa kanga, na zikimlilia kiunoni watoto walijua kwamba Bi Mwanawema anapita. Alifagia nyanda za mbele ya nyumba, akafungua madirisha, akaangalia mchwa, akafukuza popo. Kila Alhamisi, baada ya Alasiri, alichukua chetezo na kufukiza ubani nyumba kwa nyumba, kwa sababu nyumba isiyonukizwa, wasemavyo wakubwa, huingiwa na wasiokuwa watu. Mimi sisemi kweli wala uongo. Najua tu kwamba wenye nyumba wote kumi na wanne, pamoja na yule aliyesomea uhandisi, hakuna aliyethubutu kumwambia aache.

Nyumba ya kumi na nne ilikuwa ya mwanawe, Bakari. Ilisimama mkabala na kibanda cha mama yake, ina vyumba vitano, bati lake jekundu, na aliijenga kwa miaka saba akileta tofali baada ya tofali. Bakari ni fundi wa majokofu Dar es Salaam. Ameoa huko, ana watoto watatu, na mjukuu wa tatu Mwanawema hajapata kumtia mkononi. Kila alipopiga simu mama alimuuliza swali moja, utarudi lini, na jibu lilikuwa moja vilevile. Njia mbaya, mama. Mvua ikinyesha gari halifiki, mtoto akiumwa atabebwa mgongoni mpaka wapi? Lami ikifika mlangoni, nami nimefika.

Maneno hayo Mwanawema aliyaamini moja kwa moja. Hakuwa akiomba kingine katika dua zake. Wengine waliomba afya na mvua ya wakati, yeye akiomba lami.

Kwa hiyo mnamo mwezi wa Shaabani walipoonekana wapimaji na vijiti vyao vyekundu, usingizi ulimruka. Barabara mpya ilikuwa inakuja kutoka Msuka, na ilikuwa na njia mbili za kuchagua: ipite Mtondooni, au izunguke kwa chini, bonde la Kwamgando, penye mikarafuu na vibanda viwili vilivyoachwa na wachungaji. Kabla ya kukata shauri, maofisa kutoka Wete wangekuja kuandika nani anakaa wapi. Habari hizo alizileta sheha wetu, Mzee Nyange, mtu mwema lakini mwenye kujiona mjanja, na ujanja ukimzidi mtu wema humharibikia.

Mzee Nyange alikusanya watu na kuwaeleza fikra zake. Serikali, alisema, haipeleki lami kwa mijusi. Wakija wakakuta milango imefungwa na nyumba kimya, wataandika kwamba Mtondooni pamekufa, na barabara itakwenda Kwamgando. Basi nyumba zote zionekane zina watu. Tena si uongo, alizidi kusema, maana mtu ni wa pale kilipozikwa kitovu chake, na vitovu vya wale vijana wote vimezikwa hapa. Watu waliitikia kwa vichwa. Kule kwetu hesabu ndiyo hiyo: ukimuuliza mama ana watoto wangapi nyumbani, atakutajia na aliye Maskati, na sahani yake atakuonyesha.

Kazi ilimwangukia mwenye funguo, na hakuna kazi aliyoifanya Mwanawema kwa pumzi kubwa kama ile. Kwa siku mbili hakugusa mto wa kulalia. Alianika kanga na mashati kwenye kamba za nyumba zote, akatia masufuria jikoni, akamwaga majivu mekoni, akafunga kuku nyuani, akaazima majamvi na kuanikia muhogo penye nyanda. Kwenye nyumba ya Bakari alijituma zaidi. Alitandika vitanda, akaning'iniza chandarua, akapanga ndara mlangoni: jozi mbili za wakubwa, jozi tatu za watoto, ndogo kabisa ikiwa mwisho. Alipomaliza alirudi nyuma kuitazama kazi yake, na moyo ukampasuka. Ilionekana kama wamo ndani. Alikwenda, akarudi, akaenda tena, akirudi kila mara kuzitazama zile ndara ndogo.

Ofisa aliyekuja aliitwa Shamima, binti wa Wete, mpole, mwenye daftari na miwani. Alimwamkia kila mkubwa kwa adabu, akakaribishwa maji ya madafu, akapita nyumba kwa nyumba Mwanawema akimwongoza. Alipouliza nani anakaa hapa alitajiwa majina, na majina yalikuwa ya kweli. Alipouliza wako wapi alijibiwa kwamba wametoka. Mwanawema aliifikiri ile kauli njia nzima na akaridhika nayo. Wametoka kweli. Hakuulizwa wametoka tangu lini.

"Na hino?" Shamima aliuliza, penye nyumba yenye bati jekundu.

"Ya mwanangu, Bakari. Na mkewe, na watoto watatu. Wametoka."

Shamima aliziangalia ndara, akaandika watu watano.

Wiki tatu baadaye waliitwa skuli baada ya Alasiri kusikiliza shauri lililokatwa. Mwanawema alifika wa mwanzo na akasimama dirishani, maana kukaa kwenye madawati yale hakuweza. Shamima alitandika ramani ukutani na kuanza kwa kuwashukuru. Kisha akasema kwamba barabara haitapita Mtondooni.

Watu hawakuelewa. Akawaeleza taratibu, kama mwalimu. Barabara ina upana wake, na upana ule ulipitia juu ya nyumba nne. Nyumba isiyo na mtu si taabu, mwenyewe hulipwa fidia yake na mambo yakaisha. Lakini katika nyumba zile nne wameandikwa watu ishirini na saba, wengi wao watoto wadogo, na watu wanaoishi hawaondolewi mpaka watafutiwe pa kukaa kwanza. Hapo ndipo wakubwa waliposema ya nini kuwasumbua watu, na Kwamgando hakuna mtu? Barabara itapita Kwamgando. Njia ya mwongo fupi, nasi tuliifupisha mpaka ikatoka nje ya kiambo.

Mzee Nyange aliangalia vidole vyake vya miguu. Kisha alimsogelea Mwanawema dirishani na kumnong'oneza kwamba waliache, limekwisha, kwamba aibu ya kuikosa barabara itasahaulika lakini aibu ya kuihadaa serikali itasimuliwa mpaka kwa wajukuu. Mwanawema alimsikia na hakumsikia. Alikuwa akiona kitu kimoja tu, Bakari akisema lami haikufika, mama, na akisema hivyo mwaka huu, na mwakani, na mpaka yeye mwenyewe abebwe jenezani. Miguu ilimpeleka mbele kabla hajajua atasema nini.

"Bi Shamima, wangu, nisamehe. Nyumba zile hazina watu. Funguo zake ninazo mie."

Kuna waliovuta pumzi na kuna waliouma meno. Shamima alivua miwani akaifuta. Hakukasirika, au kama alikasirika alijizuia vyema. Alisema kwamba akiandika hivyo italazimu ahakikishe moja moja, na akafungua daftari lake. Alitaja nyumba ya kwanza. Haina mtu, Mwanawema alijibu, mwenyewe yuko Maskati. Ya pili haina, wako Unguja. Ya tatu haina, alifariki kabla ya kuhamia. Ya nne Shamima aliitaja kwa jina la Bakari.

Hapo Mwanawema alishangaa. Alikuwa akidhani barabara itapita mbele ya bati jekundu, pale uwandani, gari lisimame na wajukuu washuke. Hakujua kwamba vijiti vile viwili vyekundu vilivyochomekwa nyuma ya jiko la Bakari na mbele ya baraza yake ndivyo kingo za barabara. Alikuwa akivizunguka kila siku akifagia.

"Nataka ufahamu vyema, Bi Mwanawema," Shamima alisema, na sauti yake ilishuka. "Barabara ikirudi kuno, hino nyumba haibaki. Ikiwa ina watu sema ina watu, hapana atakayekulaumu. Mtu mmoja tu akiwa analala mle, mambo yanabadilika."

Mzee Nyange alimwangalia, na macho yake yalimwambia sema ndiyo. Na mimi nisingemlaumu. Miaka saba ya tofali juu ya tofali, na kauli moja tu ingeiokoa. Mwanawema alijaribu kumuona Bakari akirudi na kukuta nyumba hapana. Akajaribu kumuona akirudi bila ya barabara, na hilo halikumjia kabisa.

"Haina mtu," alisema.

"Tangu lini?"

"Tangu ilipojengwa."

Shamima aliandika. Alisema atalirudisha shauri kwa wakubwa zake, na kwamba hatoi ahadi lakini haoni sababu ya kukataliwa. Watu walitoka wakizungumza chini chini, wengine wakimpa Mwanawema mkono, wengine wakimpisha tu.

Alimpigia Bakari njiani. Alimweleza yote kwa haraka, hata pumzi zikamkatika: ndara, chandarua, vijiti vyekundu, kauli yake mbele za watu. Nimeivunja nyumba yako, mwanangu, lakini lami inakuja. Alingojea apigiwe kelele.

"Waivunje tu, mama," Bakari alisema.

Aliyasema upesi mno. Mtu aliyeweka nia ya kurudi angeuliza, angeteta, angetaka kujua watamlipa nini na atajenga wapi. Mwanawema alisimama katikati ya njia.

"Hukuwa uje, hata lami ingefika."

Bakari akaanza kusema kwa sauti ambayo mama yake hakuwa ameisikia tangu utoto wake. Alisema kwamba mambo ya lami yalimtoka kinywani siku moja tu, kwa sababu alikuwa akiulizwa kila wiki naye hana la kujibu, na akaona mama ametulia. Watoto wanasoma, mke kazi yake iko huko, na yeye mwenyewe kisiwani atatengeneza jokofu la nani? Lami ingefika, angetafuta neno jengine. "Nilijengea nini basi?" aliuliza, kama kwamba mama ndiye aliyejenga. "Ningeliacha kujenga wangesema nimekutupa."

Ilimuuma, na ilimuuma pabaya. Mwanawema alianza tena kutembea, haraka, bila ya kujua aendako, na alipotanabahi alikuwa anaizunguka nyumba yenye bati jekundu, mara ya pili au ya tatu, simu iko sikioni. Alitaka kumlaani na hakuweza. Alitaka kulia, machozi hayakuja. Kilichomjia ni swali, na alistaajabu kwamba katika miaka yote ile hakuwahi kuliuliza.

"Hiyo mnayolala huko, ina vyumba vingapi?"

"Kimoja, mama. Tumepanga."

"Na watoto?"

"Humohumo. Wawili wanalala kitandani na mama yao. Mkubwa analala nami chini."

Mwanawema alikuwa amefika ubavuni mwa nyumba, na madirisha ya vyumba vyote vitano yalikuwa wazi. Aliyafungua mwenyewe asubuhi ile, hewa ipate kupita.