Damu Haikujibu

Mzee Ndikumana alikuwa mlinzi wa magari mtaa wa Albert Park, ugenini kusini mwa Afrika, na maneno yake yalikuwa machache. Tangu korona imchukue mkewe, Epiphanie, yalipungua zaidi. Mwaka ulipokaribia kutimia, siku ya kumaliza matanga ikapangwa. Hapo ndipo shemeji yake, Zénon, alipotuma neno kutoka Pinetown: "Sitakaa na mtu aliyemletea dada yangu ugonjwa."

Mzee alikuwa na lake moyoni. Wiki moja kabla Epiphanie hajaanza kuumwa, pombe ikiwa marufuku nchi nzima kwa ajili ya korona, mzee alipanda ghorofa mbili kwa jirani yake, Nzeyimana. Wakanywa pombe ya mtama, chungu kimoja, mrija mmoja wakipokezana, kama nyumbani Burundi. Akarudi na kikohozi cha siku tatu. Hakupimwa. Hakumwambia mtu.

Binti yake, Anaïs, ndiye aliyempeleka kliniki, kule Glenwood. "Damu ikipimwa, Baba, itajulikana kama uliwahi kuugua. Mjomba atanyamaza."

Majibu yalipotoka, Anaïs alipiga kigelegele kwenye korido. "Iko negatifu! Eish, Baba, uko safi!" Akakimbilia nje kumpigia mjomba wake simu.

Mzee alibaki na nesi, Kerubo, Mkenya. Kusoma hajui, akauliza. "Mwanangu, karatasi inasema sikuugua?"

"Haisemi hivyo, mzee wangu. Tunatafuta kingamwili, alama ambazo mwili huacha ukishapigana na ugonjwa. Kwako hazikuonekana. Lakini mwaka umepita. Kwa wengine hupungua mpaka kipimo hakizioni tena, hasa aliyeugua kidogo."

"Kwa hiyo niliugua?"

"Sijui. Na hata zingeonekana, zisingesema uliugua lini, wala nani alimwambukiza nani."

Mzee akatoka bila kuaga.

Jumamosi, wazee wa kanisa walijaa sebuleni. Zénon alikuja kwa sababu ya ile simu, lakini alisimama mlangoni, kiti amekikataa. Anaïs akasoma karatasi kwa sauti. Zénon akasikiliza mpaka mwisho, kisha akaja na mkono umenyooshwa.

"Shemeji, nimekukosea."

Kuupokea tu ule mkono, yaishe. Mzee aliiacha mikono yake magotini.

"Usiniombe radhi," alisema. "Nesi kasema kipimo hakijui. Mimi nilikwenda kunywa kwa Nzeyimana. Mrija mmoja. Nikarudi nakohoa. Nikalala kitanda kimoja na dada yako."

"Baba!" Anaïs alijiziba mdomo.

Zénon alirudisha mkono wake. Mchungaji akataka kuanzisha wimbo; Zénon akamzuia. Akavuta kiti, akaketi mbele ya shemeji yake, magoti yakikaribia kugusana.

"Mwaka mzima nakuuliza alikufaje, unanyamaza. Sasa sema. Siku ya kwanza ilikuwaje?"



"Jumatatu," mzee akaanza. "Aliamka, akasema chai haina ladha."