Jibu la Baba wa Binti

Jumamosi, Juni 14. Upepo umevuma tangu alfajiri, baridi ya kuingia mifupani na vumbi lake. Viti nilivyofuta asubuhi nimevifuta tena saa nne, kabla wageni hawajafika kutoka Kondoa kumposa binti yetu.

Shule yangu iliishia la saba, sijui kama nitaandika sawasawa. Ila sitaki kumwonea mtu.

Mume wangu ana Parkinson, ule ugonjwa wa kutetemeka. Watu wanaona mkono tu. Mimi kilichonitesa ni sauti: ilipungua kidogo kidogo, mpaka ukawa kama unamsikiliza mtu aliyejifunika blanketi. Uso nao umekakamaa, furaha na hasira ni sura moja. Hospitali tukampata binti anayefundisha wagonjwa kuongea upya. Akamwambia, "Babu, wewe unajisikia unapiga kelele, sisi hatukusikii. Ongea kama unaniita ng'ambo ya korongo." Basi kila asubuhi hapa Ipagala mzee anavuta pumzi, "Aaaa!" mpaka inamwishia, halafu anasema kwa nguvu sentensi zake za kila siku. Jirani akanitania juu ya ukuta, "Mama, mzee kaanza ugomvi uzeeni?" Nikamjibu, "Ananitongoza upya, tuache." Tulicheka. Lakini kwa mtu aliyeshona nguo sokoni miaka yote bila kumpandishia sauti hata mteja mkorofi, haikuwa kazi ndogo.

Posa ilipokaribia, shemeji yangu, mdogo wake, alisema, "Kaka, wewe kaa tu, nitajibu mimi."

Mzee akakataa. "Binti ni wangu. Nitajibu mwenyewe." Nami nikamwambia shemeji amwache.

Akaongeza jibu lake kwenye mazoezi: Karibuni, mtoto ni wenu, nimemtoa kwa moyo mweupe.

Leo mshenga wao, mzee wa maneno matamu, alieleza haja yao taratibu, kama inavyopasa. Alipomaliza, wote wakamgeukia mume wangu. Akavuta pumzi.

"KARIBUNI! MTOTO NI WENU! NIMEMTOA!"

Pumzi ikakatika hapo. Moyo mweupe haukufika.

Wageni wakatazamana. Kwa desturi, baba wa binti hujibu kwa sauti ya chini. Anayefoka siku ya posa ni aliyeudhika. Na uso wake ule, nani angejua? Mshenga akainuka nusu, mkono kifuani. "Mzee wangu, kama tumekosea tusamehe. Tuko tayari kutozwa faini, hata kurudi siku nyingine." Mume wangu akataka kueleza, lakini ile haraka ikaishusha sauti tena, midomo ikawa inacheza tu.

Shemeji akaingilia. "Jamani, msimjali, ni maradhi hayo. Hana neno." Kisha akayasema yeye, maneno yale yale, pamoja na moyo mweupe, kwa upole. Vigelegele vikapigwa.

Simlaumu shemeji. Alisubiri, nilimwona akisubiri, na bila yeye wageni wangeondoka na kinyongo. Mshenga alikuwa na adabu tu. Yule binti wa hospitali naye alifundisha vizuri, maana kweli mzee alisikika mpaka barabarani. Nikitafuta wa kumkasirikia simpati, na hilo ndilo linaloniuma. Lakini ile "msimjali" haijanipita kooni. Mtu kapigania neno moja la baba wiki baada ya wiki, halafu anaambiwa asijaliwe, naye yupo, anasikia. Au labda ni mimi ninayekuza mambo.

Wageni walipoondoka binti alikuja kukaa karibu na baba yake.

"Baba, kwani hukufurahi?"

Alimjibu. Niliona midomo.

"Eti, baba?" Akasogeza sikio. "Hebu sema kwa nguvu, kama unavyofundishwa."

Mzee akamtazama, kisha akafunga mdomo, akageukia dirishani. Binti akabaki ananiangalia mimi, machozi yamemlenga.

"Amefurahi," nikasema. "Ni sauti tu."

Nimemjibia. Mimi niliyemwambia shemeji amwache ajibu mwenyewe.

Jioni tumekula pilau iliyobaki, na kachumbari. Yake nimeilainisha kwa mchuzi aimeze kwa urahisi. Amekula nusu sahani, na hakuna aliyemuuliza kitu.