Jino la Huku na Jino la Kule

Miaka yangu yote ya ndoa nilikuwa na mume nusu, na sioni haya kulisema. Mume wangu alikuwa na nyumba mbili, hii yangu ya Ndagoni na nyingine ya mke mdogo kule Kiegeani. Siku mbili huku, siku mbili kule. Alikuwa mchuuzi wa pweza, ana pikipiki yake, na njia ya kwenda na kurudi aliijua mpaka mashimo yake.

Wanaozijua ndoa hizi wanajua kwamba ugomvi hauanzi kwenye mapenzi, unaanza kwenye vitu. Yeye aliliona hilo mapema. Akinunua godoro la huku, ananunua na la kule, unene uleule. Doti ya kanga huku, doti ya kanga kule. Hata sabuni ya kufulia alikuwa akiikata mche katikati, akiipima kwa jicho moja huku kalifumba la pili, mpaka unataka kumpokonya kisu. Na maneno hakuyabeba. Ya huku yaliishia huku. Ukimwuliza kule wazima, anakujibu wazima, basi, unabaki na hamu yako ya kujua mengine. Mimi na mke mwenzangu tulikutana kwenye harusi na misiba tu, tukaamkiana, kila mmoja akaenda kukaa kwenye mkeka wake.

Kwa hiyo alipoamua kunivika jino la dhahabu, nilijua na kule litavikwa.

Ulikuwa mwaka ambao biashara ilimkubali. Akanichukua mpaka Dar es Salaam, kwa fundi mmoja wa meno aliyekuwa na chumba ghorofani, juu ya duka la vitambaa. Jino lenyewe lilikuwa la mbele, zima kabisa, halina tundu wala ufa. Fundi akalisaga mpaka likawa kijiti, kisha akalivika kofia ya dhahabu. Akasema ni dhahabu tupu, haitashika kutu mpaka naingia kaburini. Mume wangu akanishika kidevu, akanigeuza kwenye mwanga wa dirisha, akasema, "Sasa hata taa ikizimika nitakuona." Baada ya hapo akampeleka na mwenzangu kwa fundi huyohuyo. Aliniambia mwenyewe, maana kutoa hakukuwa siri, siri ilikuwa ya maneno tu.

Jamani, nilicheka mwaka ule! Nilicheka hata pasipochekesha. Nikienda kununua chumvi, natabasamu. Nikifunga mwani pwani na wenzangu, wananitania kwamba samaki watakimbia mng'ao. Miaka ikapita na jino likakaa kimya mdomoni mwangu, nikalisahau.

Mume wangu alifariki Kiegeani, katika siku za kule. Presha ilimpanda asubuhi, hata hospitali hawakuwahi kufika. Wakamleta kuzikwa huku kwao, nikamwona uso, nikamuaga. Kisha nikaingia eda ndani ya chumba changu, na mwenzangu akaingia eda kwake.

Mjane hajipambi, hilo kila mtu analijua. Wanawake walinivua herini, wakanivua bangili, wakanivua na kipete kilichokuwa kimeniganda kidoleni, kwa sabuni. Halafu shangazi yake marehemu, mama mkali ambaye hata mumewe alikuwa akimwogopa, akanitazama mdomoni. Akauliza, na hilo je? Wakaanza kubishana juu ya mdomo wangu mimi nikiwa nimekaa hapohapo. Mmoja akasema aitwe mtu alitoe. Mwingine akasema jino ni kiungo, kiungo hakivuliwi. Wakatuma kuuliza kwa mwalimu wa madrasa, naye akajibu kwamba kisichovulika hakina dhambi, ila mwenyewe asikionyeshe. Maana yake nisicheke. Ati nisicheke, kana kwamba nilikuwa na la kuchekea.

Ndipo lilipoanza kuwasha.

Kwanza ufizi tu, pale juu ya kofia, mwasho mdogo wa kusumbua. Baadaye mdomo mzima ukawa na ladha ya sarafu, ile anayoipata mtoto akilamba shilingi. Chai ikaniunguza hata ikipoa. Pilipili nikaiacha, ndimu nikaiacha, mwisho nikawa nakunywa uji mweupe asubuhi na jioni. Vipele vikatoka pembeni mwa midomo, vikashuka shingoni. Nilikuwa nakaa peke yangu kwenye kile chumba, ulimi hauachi kwenda palepale, unagusa, unarudi, unagusa tena.

Kila mtu alikuwa na jibu lake. Shangazi akasema marehemu anadai chake, kwa nini kingine chote nimevua na hicho nimebaki nacho. Jirani akasema ni macho ya watu, kwamba nilicheka mno mwaka ule. Binti yangu, aliyeolewa Dar, akanipigia simu akasema, mama, hayo ni mawazo. Hilo ndilo lililoniudhi kuliko yote. Nikamwuliza ni mawazo gani hayo yanayochagua jino moja katika meno yote. Akaniambia nijipumzishe. Nijipumzishe vipi zaidi, na nimefungiwa ndani?

Nitasema jambo ambalo sikumwambia mtu. Mimi upweke niliuzoea. Nusu ya maisha yangu nimelala peke yangu, nikijua kesho kutwa pikipiki italia nje. Ulikuwa upweke wa zamu, una mwanzo na una mwisho. Basi kwenye ile eda nilishindwa kabisa kumwona amekufa. Nilimwona yuko kule. Nilikuwa nikiamka nasema moyoni, huyu mtu safari hii kakaa sana Kiegeani. Na hasira zinanipanda, hasira za kweli, juu ya mke mwenzangu, kwamba kamshika, kamfungia, hataki kumwachia aje. Nimemzika mwenyewe na bado naona wivu. Nikimaliza kumkasirikia yeye, namgeukia mume wangu, namwambia kimoyomoyo, njoo ulione jino lako hili linavyonifanya.

Eda ilipokwisha nikaenda hospitali, Kilindoni. Kwenye meno nikamkuta msichana wa bara, bado mpya kisiwani, akaniamkia shikamoo kwa adabu nikaipenda. Akanitazama mdomoni kwa tochi muda mrefu. Akaniambia ndani ya mdomo kuna michirizi myeupe, imekaa pale tu chuma kinapogusa nyama. Akaniuliza kama niliwahi kuvaa herini za bei rahisi zikaniwasha. Nikacheka kidogo, maana tangu usichana wangu herini za gengeni sikuziweza, masikio yalikuwa yanavimba, na saa ya mkononi niliivaa nikaivua. Basi akasema huenda ndiyo hiyo. Kuna miili inayokataa madini fulani, na zipo kofia zinazoitwa dhahabu ambazo juu tu ndiyo dhahabu, ndani ni madini mengine. Mwili unaweza kuyavumilia miaka halafu siku moja ukachoka.

Nikamwuliza ana hakika? Akasema hana. Kipimo cha kujua hapa hakipo. Huenda ni chuma, huenda ni ugonjwa mwingine wa mdomo, na majonzi nayo yanaudhoofisha mwili. Njia iliyopo ni kuitoa kofia na kusubiri. Lakini akanionya kwamba chini ya kofia jino lilishasagwa, pengine limeoza, na kofia ikitoka huenda nalo likang'oka.

Nikakaa pale kwenye kiti nikaona nimebanwa pande zote. Nikilitoa na nisipone, nimekitupa bure kitu pekee cha mume wangu nilichobaki nacho mwilini. Nikilitoa na nikapona, basi ni kweli alichonivika kilikuwa kinaniumiza, na si dhahabu, na mwenyewe hayupo nimwulize kama alijua. Yule msichana akaona nimekwama. Akaniuliza, kwa upole tu, kama kuna mtu ninayemjua aliyevishwa na fundi yuleyule.

Nikamwambia yupo. Moyoni nikasema, na ndiye mtu wa mwisho duniani ninayetaka kumwuliza.

Ilinichukua siku kadhaa za kujibishana na nafsi yangu. Kilichonipeleka, niseme ukweli, haukuwa ufizi. Ni kwamba mawazo yalikuwa yameniingia kwamba la kule ndilo la dhahabu na la huku ndilo la bandia. Mtu aliyekuwa akikata sabuni kwa jicho moja, labda kwenye jino mkono ulimponyoka. Nilitaka kuona. Nikapanda bodaboda mpaka Kiegeani, nyumba ambayo sikuwahi kuikanyaga.

Nilimkuta uani anapepeta mchele. Alisimama, akavuta kanga mpaka puani, akasema, "Shikamoo dada." Nikaitikia. Akanikaribisha ndani, akanitandikia mkeka mpya. Mbele yangu, ukutani, ilining'inia kofia ya mume wangu ya kushonwa kwa mkono, pacha wa ile iliyopo kwangu. Sikuzunguka, nikamwuliza hapohapo kama jino lake linamuwasha.

Akaishusha kanga. Pale mbele palikuwa pengo.

Akanieleza akiwa anatazama chini. Lake lilianza kuwasha mwaka uleule lilipovikwa. Ufizi ukavimba, midomo ikababuka. Akavumilia, mwisho akaenda likatolewa, na kijiti chake kikatoka nacho. Kwa mume wetu akasingizia kwamba limeoza. Nikamwuliza kwa nini hakumwambia ukweli.

"Nilijua la kweli amekupa wewe," akasema. "Wewe ndiye mkubwa. Sikutaka kulisikia kutoka kinywani mwake."

Nilimwangalia yule mwanamke. Miaka yote hiyo, kwenye harusi na misiba, kanga puani, na mimi nikisema moyoni kwamba ananidharau. Nikamwonyesha ufizi wangu, nikamwonyesha na shingo. Akasogea karibu, akaushika mdomo wangu kwa kidole, akautazama. Akasema, "Ndivyo hivyohivyo." Hapo nikaanza kucheka, kicheko cha kwanza tangu msiba, na yeye akacheka na pengo lake, mpaka machozi yakatutoka. Yule mtu alitutendea sawasawa. Kama alitudanganya, alitudanganya kwa mizani. Kama fundi ndiye aliyemdanganya yeye, basi hasara pia aliigawa nusu kwa nusu.

Kisha kicheko kikatuishia, tukaona aibu kidogo. Nikamwuliza kama alipona. Akasema ufizi ulipona kabisa, ila mikono yake huwa inatoka vipele mpaka leo, hajui kama ni ule ugonjwa au ni maji ya chumvi. Nikamwambia nitakwenda kulitoa. Akauliza nani atanipeleka. Nikasema sina wa kunipeleka. Akasema yeye siku ile alikwenda peke yake, akarudi kwa miguu damu zinamjaa mdomoni, na hilo hamwombei mtu.

Nitangulize matokeo ili mtu asibaki na hamu. Ufizi wangu ulipona, ile ladha ya sarafu ikaondoka, pilipili nakula. Vipele vya shingoni vilipungua, havikuisha. Yule msichana wa meno alinifurahia, lakini bado alisema huenda tu, hakusema ndiyo. Kofia ilipotolewa, ndani yake ilikuwa nyeupe kama kijiko. Nilimwachia palepale.

Lakini nataka kusema juu ya siku yenyewe. Jino lilikuwa limeoza kama nilivyoonywa, likang'olewa. Nikatoka nje nimeng'ata pamba, mdomo umekufa ganzi, nimekatazwa kuongea. Mwenzangu alikuwa ananingoja kwenye benchi. Akaniegemeza begani kwake, akanifunika na kanga yake, na watu waliokuwa wakituona walidhani ni ndugu. Tulikaa pale mpaka kizunguzungu kikaniachia. Nilifikiri amesinzia, kumbe alikuwa anatafuta namna ya kuanza.

"Dada, usinione nina wazimu," akasema. "Alifia mikononi mwangu, lakini mimi nafsi yangu inaniambia yuko kwako. Kila siku najiambia zamu yako imekuwa ndefu, kesho atakuja. Siku ile ulipokuja, niliposikia pikipiki, nilisimama nikijua ndiye. Nikakuona wewe, peke yako."

Akaniuliza, kwa sauti ya chini sana, kama huku kwangu na mimi huwa namsikia akija.

Nilitaka kumwambia kwamba kwangu hayupo, na kwamba mimi siku zote hizo nilimwona yuko kwake. Nilimshika mkono tu, maana mdomo ulikuwa umejaa pamba.