Damu ya Seremala

Binti mmoja, mtafiti kijana, alisomea jambo moja: namna ya kuzichochea chembe za kinga za mgonjwa zipigane na saratani. Zamani mwanafunzi kama yeye angekaa na mwalimu wake, wakila sahani moja, mpaka kazi imkolee mikononi. Siku hizi hupewa dakika chache mbele ya kompyuta, awaombe ufadhili watu asiowajua. Akikosa, akauze dawa dukani kwa mjomba wake.

Zamu yake ya kusailiwa ilipokaribia, muuguzi aliingia maabara na damu ya seremala mmoja, mgonjwa wa saratani aliyejitolea kwa utafiti wake. Ilikuwa ije kesho yake, lakini mzee alizidiwa, ikabidi itolewe kabla hajaanzishiwa dawa kali. Damu ya namna hiyo haingoji. Chembe zake hufa.

“Naomba mniweke wa mwisho,” binti aliwaambia wasaili kwenye kompyuta.

“Foleni ni foleni, dada. Ukitoka, umetoka.”

Akavaa glavu.

“Mwenzetu una wazimu,” muuguzi alisema. “Mzee wa watu angejuaje kama ungeiacha?”

“Juzi aliniuliza kama damu yake itamfaa mtu. Nikamwambia itafaa. Ahadi ni deni.”

Alipomaliza kuzitenga chembe, zilikuwa hai, na wasaili walikwisha kwenda zao. Akampigia mjomba.

“Shikamoo, mjomba. Ile kazi ya dukani naitaka, ila nitakuja jioni tu. Asubuhi niko maabara.”

“Marahaba. Huko maabara wanakulipa?”

“Hawanilipi.”

Mjomba akaguna. “Haya, njoo saa kumi. Na ule kwanza.”