Bi Semeni Ataka Kuambiwa Ukweli Jikoni Kwake

"Miaka ishirini na mbili naongoza wapishi, hajatokea hata mmoja wa kunilalamikia," anasema Bi Semeni Mudathir, ameketi anapepeta mchele. Anapuliza makapi. "Watatu walioondoka tangu Mfungo Mosi, tulipomaliza Ramadhani, hawakulalamika. Waliondoka tu."

Ni saa mbili asubuhi, uani kwake Mabawa, jijini Tanga. Sufuria tatu ziko mekoni kwa harusi ya watu mia tatu, Chumbageni. Bi Semeni, mwenye miaka 61, ana wapishi wanne, na hasira za kuwatosha wote.

Hasira zenyewe ni hizi: anataka kujua kasoro za uongozi wake, na hakuna anayemwambia.

Alianza kwa kuwauliza ana kwa ana. Kila mmoja alimwamkia shikamoo, akamwombea umri mrefu, akarudi kumenya vitunguu.

"Nauliza kasoro, napewa dua," anasema. "Nikifa leo naingia peponi bila kuulizwa, lakini jikoni sina watu."

Akaweka kopo la maziwa lenye tundu, kila mtu aandike bila jina. Zikaingia karatasi nne: mama hana kasoro. Mwandiko mmoja. Kumbe wapishi, kwa kuhofia miandiko yao kujulikana, walimtuma Yona, mpasua kuni mwenye mvi, awaandikie wote. Yona hakatai. Anasema alipewa maandazi mawili kwa kila karatasi, na kwa kuandika ya kweli angetaka manne.

Jumatatu iliyopita Dorkasi akaaga. Huyu ndiye mpishi mkuu, mzaliwa wa Lushoto, miaka 38, na alikuwa ameitwa na mpishi mwingine wa Pongwe. Bila Dorkasi, Bi Semeni mwenyewe anakiri, jiko hili haliwezi kulisha watu zaidi ya hamsini. Akamsihi angalau aseme sababu.

Dorkasi akasema, na leo anarudia bila kupepesa macho.

"Mama, hapa desturi ni moja: aliyeinjika sufuria ndiye anayeitia chumvi. Mimi nikigeuka tu, wewe unaongeza. Chakula kikisifiwa, umepika wewe. Chumvi ikizidi, nimepika mimi."

Bi Semeni anasema maneno yale yalimchoma kuliko mafuta ya sambusa. Wakakubaliana: katika shughuli ya leo mkono wake usiguse sufuria. Akiweza, Dorkasi anabaki. Asipoweza, Pongwe si mbali.

"Nimebadilika," anasema. Mpango wake ni kumkabidhi Dorkasi jiko lote mwakani, yeye abaki na kazi ya kupokea wateja. Kiongozi, anaeleza, ni wa kukaa kitini.

Dakika chache baadaye Dorkasi anatoka stoo na kukuta kifuniko cha mchuzi kimekaa upande. Anaonja. Anaonja tena. Kisha anamgeukia Bi Semeni, ambaye sasa yuko hatua mbili kutoka mekoni, kiganja cha kulia kimefumbwa.

Anamuuliza kama amepita hapa. Hajainuka tangu asubuhi, anajibiwa. Na mkono? Ganzi, uzee huu.

"Pole, mama. Basi nisaidie kuipua sufuria. Shika upande huo."

Sufuria kubwa ya harusi haishikwi kwa ngumi. Bi Semeni anamtazama Yona. Yona anazitazama kuni zake. Kiganja kinafunguka taratibu, na chumvi ya mawe inamwagikia vidole vya miguu ya Dorkasi.

"Hiyo ya jana," anasema Bi Semeni.