Beseni la Mama Georgette

Msumari bado upo kwenye ukuta wa Mama Georgette, kule Lubondja, mashariki mwa Kongo, na chini yake udongo una duara jeupe. Hakuna aliyetundika kitu kingine pale.

Pale lilitundikwa beseni la plastiki, la buluu. Ndani yake mlikaa vikwembe viwili vizuri, vitenge vya kumfungia mtoto, pamoja na sabuni na nguo ndogo za mtoto. Georgette alivinunua kwa mimba yake ya mwisho. Baadaye kila jirani aliyekaribia kuzaa alikuja kuviazima. Maana kule maternite, nyumba ya kuzalia iliyo kwenye njia ya mji wa Baraka, mkunga hukufungulia vyombo vyako mezani mbele ya bamama wote, na aliyekuja mikono mitupu husemwa kabla hata uchungu haujakolea. Mkunga Pulchérie alilizoea beseni lile. "We umerudi tena?" aliliambia siku moja. "Unazaa kuliko sungura."

Asubuhi moja ya msimu wa mvua uliopita lilikuwa kwa Niyokwizera, mkimbizi wa Burundi, aliyekuwa na siku tatu tangu ajifungue. Asubuhi hiyo uchungu ukamshika Arlette, mke wa Placide mwana wa Georgette, wiki mbili kabla ya wakati. Pikipiki ilipatikana. Arlette akakataa kupanda.

"Batasema Placide alioa maskini, mama. Tungojee beseni."

Georgette hakumlazimisha. Alikumbuka uzazi wake wa kwanza, jinsi wenzake walivyoguna alipofungua kifurushi chake cha matambara. Akatuma mtu kwa Niyokwizera. Jibu likarudi: vikwembe havijakauka. Vyombo vya uzazi havirudishwi vibichi, ndiyo adabu, na mvua ilikuwa haijakatika tangu juzi. Mwenye pikipiki alichoka, akaenda zake.

Mchana Niyokwizera alifika, mtoto mgongoni, beseni kichwani, vikwembe vingali na unyevu. Akaomba radhi kwa unyevu huo. Arlette alikuwa amelala katika damu. Wanaume walimbeba kwa kipoyi, machela ya miti, hadi maternite, na beseni likafuata. Yeye alipona. Mtoto walimfunga katika kikwembe kimoja, wakamzika nacho.

Siku ya kurudi nyumbani na Arlette, Georgette alilisukuma beseni chini ya meza ya Pulchérie.

"Likae hapa," alisema. "Anayekuja aje tu."

Georgette angali Lubondja, analima mihogo. Jumamosi hushuka maternite kufua kikwembe kilichobaki, na hungoja pale mpaka kikauke.